Somo: Andika sababu zako kabla hujajua matokeo

Habari zenu wapendwa. Wengi tukiambiwa tutafakari, tunalala macho usiku kucha tukirudia lile lile lililotuuma. Huko ni kujitesa. Kutafakari kunataka kalamu.

Hatua ya 1: Kabla ya uamuzi mkubwa, andika tarehe, unachoamua, sababu zako, wasiwasi wako na unachotarajia kitokee. Mistari mitano inatosha. Mimi niliwahi kuandika: "Nakubali kazi hii. Sababu: nitajifunza mengi. Wasiwasi: sina." Kazi iliponishinda baada ya miezi sita, kila aliyeniuliza nilimwambia, "Nilijua tu tangu mwanzo." Nikafungua daftari. Wasiwasi: sina. Mwandiko wangu mwenyewe!

Ndiyo maana nawasihi hatua hii msiiruke. Mwaka 1975 mwanasaikolojia Baruch Fischhoff alionyesha kwamba mtu akishajua matokeo, huyaona kama yalikuwa yanatabirika toka zamani. Tukijidanganya hivyo, hatujifunzi kitu.

Hatua ya 2: Matokeo yakija, soma kwanza ulichoandika, ndipo ujihukumu. Jiulize: kwa niliyoyajua siku ile, niliamua vizuri? Uamuzi mzuri huweza kuharibika kwa bahati mbaya, na wa hovyo ukafanikiwa. Huu wa pili ndio wa hatari, maana tutaurudia.

Hatua ya 3: Andika jambo moja utakalobadilisha, liwe la kutendeka. "Nitakuwa makini" halisaidii. "Nitaongea na watu wawili waliowahi kufanya kazi pale" linasaidia.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwalimu, mimi kuandika kunanishinda. Naweza kujirekodi kwa simu?
Unaweza kabisa. Taja tarehe, na usirudi kuifuta.

Na maamuzi ya papo kwa papo, daftari nitalitoa saa ngapi?
Swali zuri sana. Mwanafalsafa Donald Schön, mwaka 1983, alitofautisha kutafakari ukiwa ndani ya tendo na kutafakari baada yake. Pale pale, jiulize tu, "Kuna kitu gani hapa sikukitegemea?" Mengine utayaandika jioni.

Nikisoma ya nyuma naumia mno, mwalimu. Nifanyeje?
Pole sana ndugu yangu. Jiwekee dakika 15, zikiisha funga daftari hata kama hujamaliza. Na kurasa zilizo nzito zaidi usizisome peke yako, kaa na mtu unayemwamini mzisome pamoja.