Jinsi ya kuchanganya thrashi, dethi na hadiroki katika bendi moja: mwongozo kwa wapigaji wa Unguja na Pemba

Mwongozo huu nimewaandikia vijana wa visiwani wanaopiga muziki wa metali, yaani muziki mzito wa gitaa za umeme, kwa kujitegemea, bila ya kampuni wala mfadhili, na ambao hawataki kulazimishwa kuchagua mtindo mmoja kati ya thrashi, dethi na hadiroki. Mimi ni mpigaji gitaa wa mjini Unguja, na katika rekodi nyingi za bendi changa ninazoletewa nisikilize, kasoro haimo katika vidole vya wapigaji. Kasoro ni kwamba kila mtindo unapobadilika, kasi nayo hubadilika ovyo, hata msikilizaji akahisi amewekewa nyimbo tatu zilizoshonwa pamoja kama viraka. Njia ninayoieleza hapa inaondoa kasoro hiyo kwa kuweka pigo moja dogo lisilobadilika kuanzia mwanzo wa wimbo hadi mwisho, kisha kuubadilisha mtindo kwa namna tunavyoyakusanya mapigo hayo.

Hatua ya kwanza: fahamuni kila mtindo unadai nini

Hadiroki ndiyo kongwe. Ilikomaa Uingereza na Marekani mwishoni mwa miaka ya 1960 na katika miaka ya 1970, na inachodai zaidi ni mwendo wa kuyumbisha mwili pamoja na nafasi ya kupumua kati ya noti. (Wapo wanaopenda kukumbusha kwamba Freddie Mercury, mwimbaji wa bendi ya Queen, alizaliwa hapa Zanzibar mwaka 1946, ni kweli, lakini hilo halitakupigieni gitaa.) Thrashi ilichipuka California mwanzoni mwa miaka ya 1980, na karibu wakati huohuo Ujerumani Magharibi kupitia bendi kama Kreator ya Essen na Sodom ya Gelsenkirchen, na thrashi inadai mkono wa kulia ulio mkavu na wenye haraka. Dethi ilikua katika nusu ya pili ya miaka ya 1980, hasa Florida na baadaye Stockholm, nayo inadai uzito, sauti ya kunguruma na dramu zisizoacha upenyo.

Kuchanganya si jambo geni. Sepultura, iliyoundwa Belo Horizonte nchini Brazil mwaka 1984, ilisimama kati ya thrashi na dethi tangu awali, na Entombed ya Sweden ikaingiza mwendo wa hadiroki ndani ya dethi katika albamu yake ya mwaka 1993. Sikilizeni bendi hizo mbili kwa kuifuata dramu peke yake, gitaa mliache kwanza.

Hatua ya pili: tyuni na nyuzi

Shusheni gitaa zote mbili na besi kwa toni moja kamili, ili uzi mnene kabisa uwe D badala ya E. Kushuka zaidi ya hapo kunaipendeza dethi lakini kunaifanya thrashi iwe na tope, na hadiroki hupoteza mlio wake. Tumieni seti ya nyuzi inayoanzia inchi 0.011 hadi 0.052, kwa sababu nyuzi nyembamba zikishushwa hulegea na kupiga kelele juu ya freti, vile vyuma vilivyokingama shingoni mwa gitaa.

Hewa yetu ina chumvi na unyevu, na kipindi cha masika hali huzidi. Kila mkimaliza kupiga, futeni uzi mmoja mmoja kwa kipande kikavu cha kanga kuukuu, juu na chini, kisha tieni ndani ya kasha la gitaa vile vifuko vidogo vya kunyonya unyevu vinavyokuja katika maboksi ya viatu. Uzi ulioota kutu hautyuniki vizuri hata mkiusumbua vipi.

Hatua ya tatu: rifu ya noti kumi na mbili

Rifu ni kifungu kifupi cha gitaa kinachorudiwarudiwa. Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo, kwa hiyo msiharakishe.

Chukueni uzi mnene, na mzihesabu freti 0, 1, 4, 5, 7, 8 na 10, ambapo 0 ni uzi ulioachwa wazi. Mtu yeyote aliyekulia katika nyumba ya wapenda taarabu ataitambua ngazi hii mara moja: ni hijazi, maqamu iliyokuwa ikipigwa katika vilabu vyetu kabla hata gitaa la umeme halijabuniwa. Wapigaji wa metali wa nchi nyingine huitumia sana kwa sababu ya ule mruko mpana kati ya freti ya 1 na ya 4, unaoleta hofu na huzuni kwa pamoja. Sisi hatuna haja ya kuiazima. Kumbukeni tu kwamba maqamu kama rasti na bayati zina robo toni ambazo freti za gitaa haziwezi kuzitoa, hivyo waachieni fidla na udi.

Sasa pigeni noti hizi kumi na mbili kwa mfuatano, zote zikiwa na urefu sawa:

0 – 0 – 0 – 1 – 0 – 0 – 4 – 1 – 0 – 5 – 4 – 1

Idadi ya kumi na mbili haikuchaguliwa kwa bahati, bali kwa kuwa inagawanyika kwa mbili, kwa tatu na kwa nne. Tuseme noti hizi zinakwenda kwa kasi ya mapigo madogo 360 kwa dakika, yaani rifu nzima inachukua sekunde 2. Mkizikusanya mbili mbili, mguu wa msikilizaji utahesabu mapigo 180 kwa dakika, na hiyo ni thrashi. Mkizikusanya tatu tatu, atahesabu 120, na hiyo ni hadiroki yenye kuyumba. Mkizikusanya nne nne, atahesabu 90, na hiyo ni dethi nzito ya kutambaa. Mkono wa mpigaji gitaa haukubadilisha kasi hata chembe.

Angalieni pia mkazo unapoangukia. Katika makundi ya tatu tatu, mkazo hushika noti ya 1, ya 4, ya 7 na ya 10, ambazo ni freti 0, 1, 4 na 5: ngazi ya hijazi inapanda yenyewe, na ndiyo maana sehemu ya hadiroki husikika kama ina wimbo ndani yake. Katika makundi ya nne nne, mkazo hushika noti ya 1, ya 5 na ya 9, na zote tatu ni uzi ulio wazi, kwa hiyo rifu hukaa chini na kuwa nzito bila ya kuongeza noti yoyote. Mtakapotunga rifu zenu wenyewe, andikeni kwanza noti za mkazo katika kila mkusanyo, kisha zijazeni zilizobaki.

Mkono wa kulia nao una kazi yake. Kwa thrashi, laza ubavu wa kiganja juu ya nyuzi karibu na daraja ili noti za uzi wazi ziwe kavu, na upige kuelekea chini tu. Kwa hadiroki, inua kiganja na uache noti za mkazo zilie hadi mwisho. Kwa dethi ya haraka, kila noti ipigwe mara mbili, chini na juu, bila ya kuziba.

Hatua ya nne: dramu

Ninasema wazi kwamba mpigaji dramu ndiye anayeamua mtindo, gitaa hufuata. Katika thrashi, dramu ya mguu inashika noti ya kwanza ya kila kundi la mbili na snea, ile dramu ndogo yenye mlio mkali, inashika ya pili. Katika hadiroki, mguu uwe kwenye kundi la kwanza na la tatu, snea kwenye la pili na la nne. Katika dethi ya kutambaa, snea inapigwa mara moja tu kwa kila rifu, mwanzoni mwa kundi la tatu, na miguu miwili inapokezana kuzijaza noti zote kumi na mbili. Mkitaka dethi ya mlipuko, mguu na snea vipokezane kwa kasi maradufu ya ile ya thrashi, sambamba na gitaa linalopiga kila noti mara mbili.

Zoezi la mpito lifanywe bila ya dramu kwanza. Mpigaji akae kitini, apige paja kwa mapigo madogo yaliyo sawa, na ahesabu kwa sauti rifu nne za mbili mbili, nne za tatu tatu, nne za nne nne, kisha arudi. Programu ya metronomu katika simu iwekwe kwenye 30 kwa dakika, ili mlio usikike mwanzoni mwa rifu tu. Mlio ukikukuta katikati ya kundi, umepotea. Wapigaji waliopitia ngoma za mwambao hulishika zoezi hili upesi kuliko waliojifunza kwa kuangalia video, kwa sababu ngoma nyingi za kwetu huchezesha tatu dhidi ya mbili, na mkono wao umeshazoea.

Kanyagio la miguu miwili ni adimu visiwani na kwa kawaida huagizwa Dar es Salaam likaja kwa boti. Kabla halijafika, ipeni dramu kubwa ya sakafuni nafasi ya mguu wa pili.

Hatua ya tano: maneno na sauti

Imbeni Kiswahili. Silabi zetu karibu zote huishia kwa irabu, na mngurumo unahitaji irabu ili usikike. Kwa rifu ya noti kumi na mbili, mstari wa utenzi wenye mizani nane unakaa vizuri sana: mizani moja kwa kila noti, na noti nne za mwisho mnaziachia gitaa zijibu. Mfano:

Bahari imechafuka
Tanga letu lachanika

Mkazo wa neno la mwisho huangukia mizani ya saba, na noti ya saba ya rifu ndiyo ile freti ya 4 yenye mkazo katika thrashi na katika hadiroki pia. Silabi «fu» ina irabu ya kuzungusha midomo, inayofaa mngurumo wa chini. Silabi «ni» huvuta sauti juu, kwa hiyo ipigiwe ukelele. Tungeni mkiwa na jambo hili akilini, kwa kuwa mstari unaofaa kusomwa si lazima ufae kungurumwa.

Mngurumo hautoki kooni kwa nguvu. Pumzi isukumwe na tumbo, koo likae wazi kama mtu anayepiga miayo, na sauti iwe ndogo. Ukubwa utaletwa na kipaza sauti. Mkisikia kuwashwa au maumivu, acheni siku hiyo. Maji ya uvuguvugu yanatosha.

Hatua ya sita: mahali pa mazoezi

Kuta nene za mawe na chokaa za Mji Mkongwe huzuia sauti vizuri, ila madirisha na milango huivujisha yote hadi kichochoroni, kwa hiyo hapo ndipo pa kutia magodoro ya zamani. Nyumba za bati kule mtaa wa Ng'ambo hazifai kabisa wakati wa mvua. Popote mtakapopata, nendeni kwa sheha na kwa majirani kabla ya kuwasha chochote, mwaeleze siku na saa. Anzeni baada ya Alasiri na mzime kabla ya adhana ya Magharibi, na mwezi wa Ramadhani fanyeni kazi ya kutunga kwa visikizi tu. Jirani aliyeheshimiwa huvumilia mengi, hata muziki ambao wengine humwambia ni wa mashetani.

Lindeni masikio. Kiwango cha desibeli 85 kinavumilika kwa saa 8, lakini kila desibeli 3 zinapoongezeka muda huo hupungua kwa nusu, hivyo kwenye desibeli 100 mnabaki na dakika 15. Chumba chenye dramu na amplifaya mbili hufika hapo bila ya taabu. Vizibo vya sponji vya masikio ni rahisi, na kila mmoja awe na vyake.

Hatua ya saba: rekodi

Rekodini kwa biti 24 na kilohezi 48. Kila gitaa lipigwe mara mbili kwa kweli, moja liende kushoto na jingine kulia. Kunakili rekodi moja hakuleti upana. Punguzeni distosheni, yaani ule mkwaruzo wa sauti ya gitaa, chini ya ile mnayoipenda chumbani, kateni sauti za gitaa zilizo chini ya hezi 80 ili besi na dramu ya mguu zipate nafasi, na msiondoe sauti za kati, kwani bila ya hizo gitaa hupotea mara tu dramu zinapoingia.

Hatua ya nane: vibali na jukwaa

Nyimbo zikikamilika, zisajilini COSOZA, ofisi ya hakimiliki ya Zanzibar, kwa majina ya watunzi wote na mgao mliokubaliana kwa maandishi. Kwa maonyesho ya hadharani, ulizeni BASSFU, baraza la sanaa la Zanzibar, mapema kuhusu kibali, na nakala za mashairi mziwe nazo. Kwa jukwaa kubwa, tamasha la Sauti za Busara hufanyika Mji Mkongwe tangu mwaka 2004 na hutaka muziki unaopigwa moja kwa moja, jambo ambalo kwa bendi ya metali si tatizo.

Fundi mitambo wengi hapa wamezoea taarabu na bongo fleva, ambako sauti ya mwimbaji hukaa juu ya kila kitu. Mpeni karatasi yenye orodha ya vyombo, mumwambie kwamba mngurumo ni chombo kama vingine, na mumpigie rifu hiyo katika mikusanyo yote mitatu wakati wa kupima sauti, ili asishtuke baadaye akadhani mmeharibikiwa. Kubalianeni pia kuhusu umeme: ukikatika katikati ya wimbo, mpigaji dramu asisimame, aendelee na mkusanyo wa nne nne, na umeme ukirudi gitaa ziingie kwenye noti ya kwanza ya rifu, si pale zilipoachia.