Dakika kumi za asubuhi: namna ya kuwasoma kuku wako hata wiki ambayo maisha yamekubana

Habari za kwangu kwanza. Wako saba saivi, sita wanataga au tuseme wanatakiwa watage, na wa saba Karani kaamua anaatamia, anaatamia nini Mungu ndo anajua maana mayai nishayatoa na jogoo sina, lakini ukisogeza mkono anajivimbisha anakuwa mpana kama sinia na kukutolea ile krrrr ya hasira. Huyo ntarudi kwake.

Nimeamua kuandika hii kwa sababu kila mtu mwenye kuku wachache uani ananiuliza swali lile lile, unafugaje na kazi na watoto na mgonjwa juu. Mwaka jana mama aliugua akakaa kwangu miezi kadhaa, nikawa naamka usiku mara tatu mara nne, asubuhi niko kama mlevi. Ikabidi nikate mambo. Niliacha kufagia banda kila siku, niliacha kuwachumia majani, niliacha daftari la mayai, na kiukweli kuku hata hawakujali. Ila kuna kimoja nilikata kikanitokea puani: niliacha kuwaangalia. Nafungua mlango, namwaga chakula, huyo naondoka. Siku kumi hivi zikapita. Siku nimemnyanyua Bibi Harusi kumtoa njiani nikashtuka, mwepesi kama boksi tupu, mfupa wa kidari umechomoza kama kisu na manyoya ndo yalikuwa yanamfichia siri, kwa macho ungesema kuku kanona. Kesho yake akafa.

Kuku anaficha ugonjwa mpaka nguvu zimwishie kabisa, maana kuku mnyonge anadonolewa na wenzie na akiwa porini ndo wa kwanza kuliwa. Kwa hiyo ukimuona kajikunyata mchana kweupe macho yamefumba jua hajaanza kuumwa leo, ameanza zamani na we ulikuwa huangalii.

Sasa hivi ndo nnavyofanya.

Asubuhi fungua mlango alafu USIMWAGE CHAKULA. Simama tu pembeni na kikombe chako. Kuku wazima wanatoka kama watoto wa shule kengele imelia, wanasukumana, mmoja ananyoosha bawa na mguu wa upande huo huo, mwingine anajikung'uta, kelele. Na wana foleni yao, kwangu anaanza Kishungi kila siku ya Mungu, ndo bosi. Jifunze foleni ya kwako. Siku aliyekuwa wa pili anatoka wa mwisho, hiyo ni habari. Aliyebaki juu ya fito wakati wote wameshuka, hiyo ni habari kubwa. Angalia mkia pia, kuku mzima mkia uko juu, mgonjwa mkia umelala na shingo kaiingiza ndani.

Ndo sasa unamwaga chakula, na hapa usitazame wanaokula, tazama anayejifanya anakula. Hii mi ilinichukua miaka kuiona. Anakuja na wenzie, anainamisha kichwa, anadonoa, lakini punje anaiokota anaiachia, anaokota anaachia, ukipita haraka utaapa kwamba kala.

Upanga wa kichwani nao unasema. Mwekundu uliojaa, sawa. Ukipauka inaweza kuwa kasimama kutaga tu, au anabadilisha manyoya, au anaatamia, au ana minyoo, au kuna wadudu wanamnyonya usiku, kwa hiyo mpauko peke yake usikukimbize ila uunganishe na mengine. Ukiona umekuwa wa zambarau au bluu hapo hakuna kusubiri jioni, damu au pumzi haiendi vizuri.

Alafu inama uangalie kinyesi chini ya fito. Najua, najua. Lakini hapo ndo gazeti la asubuhi lilipo. Cha kawaida kimeshikana na kina kofia nyeupe juu, ile nyeupe ndo mkojo wao, wanatoa vyote pamoja. Kuna kingine cha kahawia kinanata na kinanuka kinyama, kinakuja kimoja katika kila vinane au kumi, watu wengi wakikiona wanakimbilia dawa ya kuharisha na hicho ni cha kawaida kabisa kinatoka kwenye vile vifuko vya mwisho wa utumbo. Siku za joto wanakunywa sana kwa hiyo kinalainika. Cha kukusimamisha ni damu, hasa kwa vifaranga na wadogo, hapo fikiria koksidia, vile vijidudu vya utumbo, na usichelewe maana wadogo wanaondoka haraka, na kile cha kijani kibichi cha maji maji kwa kuku asiyekula.

Kama kuna yeyote aliyekutia wasiwasi mkamate ushike gole, lile fuko chini ya shingo, kwa upande wa kulia wa kuku. Jioni linatakiwa lijae na asubuhi kabla hajala liwe tupu. Hii ndo sababu nasema usimwage chakula kwanza, ukishamwaga umejinyima kipimo. Asubuhi likiwa gumu kama mpira wa tenisi limeziba. Likiwa limelegea linacheza kama puto la maji na mdomo unanuka uchachu, hilo limechacha. Mtenge mpe maji peke yake kwanza, lisugue taratibu kwa vidole, na kama halishuki siku hiyo tafuta daktari wa mifugo. Tafadhali usimgeuze kichwa chini atapike, najua kuna watu wanaelekezana hivo, maji yanaingia kwenye njia ya hewa na anakufia mkononi.

Hizo ndo dakika kumi. Za usiku ni mbili tu, giza likishaingia nenda na tochi. Hesabu vichwa. Hesabu kweli kweli kwa kidole, mi nishawahi kufunga banda nikiamini wako wote kumbe mmoja kalala juu ya ngazi. Alafu pitisha tishu nyeupe chini ya fito na kwenye ncha zake pale inapoingia ukutani. Ikitoka na michirizi myekundu una utitiri mwekundu. Hao wadudu wana ujanja, mchana wamejificha kwenye nyufa na usiku ndo wanapanda kunyonya, kwa hiyo ukimkagua kuku saa sita mchana huoni kitu na unabaki unashangaa kwa nini wamepauka na hawataki kuingia bandani jioni. Kuku kugoma kuingia kulala, hebu iwe alama kwako. Kutibu unapiga dawa banda lenyewe, nyufa zote, fito zote, alafu unarudia baada ya siku 7 hivi maana mayai yao yanaanguliwa nyuma yako. Na kuhamisha kuku ukaliacha banda wazi hakusaidii, wanakaa miezi bila kula wanakusubiri.

Mara moja kwa wiki, usiku huo huo wakiwa wamepoa, mshike kila mmoja. Wala hawasumbui gizani. Papasa kidari, mfupa usiwe kisu. Funua manyoya karibu na sehemu ya haja uone kama kuna chawa au mayai yao yamegandamana kwenye mashina ya manyoya. Geuza nyayo, kidonda cheusi kimevimba chini ya unyayo kinataka matibabu mapema kabla hakijaingia ndani. Magamba ya miguu yakiwa yamenyanyuka na kukwaruza kuna utitiri wa miguu, pakaa vaselini ya kutosha siku kadhaa mfululizo uwazibe pumzi. Kuku saba dakika kumi na tano. Mwanangu wa miaka tisa ndo ananishikia tochi na siku hizi ananisahihisha.

Mengine yote unaweza kuyapunguza bila dhambi. Banda, weka maranda ya sentimita 10 mpaka 15, ukipita geuza geuza kwa reki basi, yanajiozea yenyewe. Kipimo ni pua, na usipime umesimama, chuchumaa usawa wa kichwa cha kuku, ikikuchoma puani au machoni badilisha leo, sio jumamosi. Chakula, kuku mkubwa anayetaga anakula kama gramu 100 hadi 120 kwa siku, kwa hiyo tundika fida kubwa, chombo cha chakula, usawa wa migongo yao usihangaike kila siku. Chakula chenyewe kiwe cha kuku wanaotaga, protini asilimia 16 hivi, na maganda ya konokono wa baharini au ya mayai yaliyosagwa weka pembeni kwenye kikopo wajichukulie wenyewe. Mabaki ya jikoni ni kionjo tu, ukiwajazia wanaacha kile chenye virutubisho. Maharage mabichi na maganda ya parachichi, hapana kabisa.

Maji ndo usiyachezee. Robo lita kwa kila kuku kwa siku, joto likipanda hata mara mbili yake, na wakikaa kiu siku nzima wanaweza kusimama kutaga kwa muda mrefu wewe unalaumu chakula. Weka drinka mbili sehemu mbili, moja ikimwagika unayo nyingine, na pia yule mnyonge anayefukuzwa na bosi anapata pa kunywa.

Kuhusu mayai msijipe presha. Yai moja linatengenezwa saa 24 mpaka 26, kwa hiyo kila siku anachelewa kidogo, mwisho inafika jioni na hiyo siku anaruka. Sio mgonjwa. Siku zikifupika na mwanga ukishuka chini ya saa 14 kwa siku wanapunguza kutaga, wakibadilisha manyoya wanasimama kabisa wiki kadhaa maana unyoya karibu wote ni protini na mwili hauwezi kazi mbili. Kinachonishtua ni kuku aliyesimama kama pengwini, tumbo limeshuka, anaingia kiotani anatoka anaingia anatoka bila yai. Huyo yai limemkwama, muweke kwenye joto na maji ya uvuguvugu na daktari apigiwe siku hiyo hiyo.

Kuku mgeni. Hapa nitakuwa mkali kidogo samahani. Siku 30 peke yake, mbali, hata kama kaonekana mzuri na hata kama umempewa na mtu unayempenda. Hudumia wa kwako kwanza mgeni mwisho, na viatu badilisha. Mi nilimuonea huruma mgeni mmoja analia peke yake nikamuunganisha siku ya nne, wiki mbili baadae banda zima linapiga chafya.

Ukilazimika kumuachia mtu kuku, labda unasafiri au una mgonjwa hospitali kama nilivokuwa mimi, usimpe somo lote hili. Andika karatasi moja yenye mambo matatu: maji yasiishe, mlango ufungwe jua likizama, hesabu ni saba. Nilimuachia mpwa wangu nikamwambia wapende tu, akawapenda, aliwapa mkate mzima kila siku na mlango akausahau mara mbili. Nguchiro hakuja, bahati yangu.

Na ukikwama ukataka ushauri kwa wenzio njoo na habari kamili. Mtu anasema kuku wangu hayuko sawa nifanyeje jamani, sasa tukujibu nini. Sema ana umri gani, kaanza lini, anakula kweli au anajifanya, gole asubuhi likoje, kinyesi kikoje, yai la mwisho lini, nini kimebadilika wiki hii, wenzie wakoje. Mara nyingi ukimaliza kuandika hivo jibu ushaliona mwenyewe. Na usichanganye vidonge vilivyobaki vya binadamu kwenye maji, kwanza hujui unatibu nini, pili hayo mayai mnayala.

Ila wakianza kufa wengi kwa haraka, au shingo zinapinda, au vichwa vinavimba, hapo acha kuuliza watu, piga simu kwa daktari wa mifugo au ofisi ya mifugo, usiuze, usigawe, usile mizoga, usiende kwenye banda la jirani na viatu vyako. Kideri, ule ugonjwa wa virusi unaoua kuku wengi kwa haraka, hakina dawa, kina chanjo tu, na chanjo inapigwa kabla.

Haya, Karani. Kuku anayeatamia kiota kitupu anakonda bure, anatoka mara moja tu kwa siku, siku 21 zikifika hakuna kifaranga na hajui hesabu anaendelea tu. Kumtoa kiotani kwa mikono nilijaribu mara nane kwa siku moja, tulichoka wote. Kinachofanya kazi ni kizimba cha waya, hata chini waya, kinyanyue juu ya matofali hewa ipite chini ya tumbo lipoe, chakula na maji ndani, mwanga wa kutosha, nyasi au maranda hakuna, asipate kitu cha kujifanyia kiota. Siku 3 au 4. Leo ni ya pili, ametulia ila asubuhi nimemkuta kakusanya manyoya yake matatu kwenye kona ya waya na kayakalia. Jumatano ntamfungulia, akienda kwenye fito tumemaliza, akikimbilia kiotani anarudi ndani siku mbili nyingine.