Somo: Samaki wa Dhahabu Wanaposhambuliana Katika Tangi la Nyumbani

Wafugaji wa samaki wa mapambo hapa Nakuru huniletea lalamiko moja mara kwa mara: samaki mmoja amewageuka wenzake, anawafukuza kutwa nzima, na mnyonge wao amejibanza nyuma ya chujio huku mapezi yake yamechanika. Wengi huwa wamekwisha kuamua kumtoa mkorofi. Nawasihi msianzie hapo. Samaki wa dhahabu hupenda kukaa na wenzake na kwa kawaida hana desturi ya kulinda eneo. Akianza kushambulia, mara nyingi kuna jambo tangini linalomsukuma, na ukimwondoa bila kulitatua jambo hilo, mwingine atashika nafasi yake.

Hatua ya kwanza: tazama kabla ya kugusa chochote. Keti mbele ya tangi asubuhi, kabla ya kuwalisha, utambue ni nani anamfukuza nani na anamgonga wapi. Dume anayetaka kuzaana humwandama jike kwa nyuma na kumsukuma tumboni na karibu na mkia, wakati mwingine madume wawili au watatu wakimwandama jike mmoja. Mtazame dume huyo kwa karibu: kwenye vifuniko vya matamvua na kwenye ukingo wa mbele wa mapezi ya kifuani utaona vipele vyeupe vidogo mno, mithili ya chembe za chumvi, vimejipanga sehemu hizo tu. Wapo wanaovidhania kuwa ugonjwa wa madoa meupe na kukimbilia dawa, ilhali madoa ya ugonjwa hutawanyika ovyo mwilini na mkiani, na samaki mgonjwa hujisugua kwenye mawe. Anayeshambulia kwa sababu nyingine hudonoa macho na mapezi, na hufanya hivyo zaidi wakati wa chakula.

Hatua ya pili: pima maji. Amonia na nitriti, yaani sumu zinazotokana na uchafu wa samaki, zinapaswa kuwa sifuri. Maji machafu huwatia samaki wasiwasi na kumdhoofisha mmoja kabla ya wengine, na samaki aliyedhoofika ndiye anayeanza kuonewa. Badilisha robo ya maji kila wiki, na ikiwa ni ya mfereji, yatie dawa ya kuondoa klorini. Wengine huyaacha kwenye ndoo iliyo wazi kwa saa 24, njia inayofaa pale ambapo maji yametiwa klorini ya kawaida.

Hatua ya tatu: nafasi na aina. Kipimo kinachofuatwa na wafugaji wengi ni lita 75 kwa samaki wa kwanza mwenye mwili mnene, na lita 40 kwa kila anayeongezeka. Bakuli la duara halifai hata kwa mmoja. Wale wenye mwili mrefu na mkia mmoja, kama kometi, huogelea kwa kasi na huweza kupita sentimita 25 wakikomaa, kwa hiyo ukiwachanganya na wenye mwili mnene, kama oranda, au na wale wenye macho yaliyotokeza, ambao huogelea polepole na hawaoni vizuri, umewapanga wanyonge mbele ya wenye nguvu. Kwa maoni yangu aina hizi mbili zisiwekwe pamoja kamwe.

Hatua ya nne: chakula. Walishe kidogo kidogo mara mbili kwa siku, ukitupia pande zote mbili za tangi kwa wakati mmoja.

Hatua ya tano: kutenganisha. Ikiwa hayo yote yamefanyika na vita havijakoma, mtoe mshambuliaji umweke kwenye chombo kikubwa chenye pampu ya hewa kwa siku kadhaa, kisha upange upya mawe na mimea kabla ya kumrudisha, ili arudi mahali asipopazoea. Aliyejeruhiwa naye atengwe peke yake katika maji yenye gramu 1 ya chumvi isiyochanganywa na kitu kwa kila lita. Maji yanapogeuka mvuke, chumvi hubaki tangini. Kwa hiyo unapobadilisha maji, ongeza chumvi ya kiasi cha maji uliyobadilisha tu.

Maswali ya wanachama

*Kisumu: Mwalimu, je, naweza kuweka vifaranga vya tilapia pamoja na samaki wa dhahabu?*

Hapana, ndugu yangu. Dume la tilapia huchimba kiota na kukilinda kwa ukali, tena tilapia hustawi katika maji ya nyuzi 25 hadi 30, ilhali samaki wa dhahabu huridhika na takriban nyuzi 18 hadi 23.

*Nakuru: Nilibadilisha maji mengi baada ya baridi ya Julai, na kesho yake wakaanza kufukuzana. Nimekosea wapi?*

Hujakosea, dada. Maji mapya na joto linaloanza kupanda huwaamsha kuzaana. Angalia kama kuna mayai yaliyonata kwenye mimea. Ukiyataka, hamishia mimea hiyo kwenye beseni lenye maji ya tangi hilo hilo, kwa sababu wazazi huyala. Huanguliwa kwa siku 4 hadi 7 kulingana na joto. Jike akionekana amechoka, mtenge apumzike.

*Kakamega: Umeme ukipotea, samaki wangu husukumana juu ya maji. Je, ni ugomvi?*

Wanatafuta hewa, kwa kuwa pampu imesimama. Chota maji ya tangi kwa kikombe na uyamimine kutoka juu mara kwa mara ili yaingize hewa, na usiwalishe mpaka umeme urudi. Ukikatika kwa saa nyingi, suuza sponji ya chujio kwenye maji uliyochota tangini kabla ya kuliwasha tena, wala usitumie maji ya mfereji, kwani klorini huua bakteria wanaoondoa amonia.