Jinsi ya kutambua virusi vya lukemia (saratani ya damu) ya panya vilivyochanganyika kwenye kichupa kimoja

Kichupa kilichoandikwa "Friend", jina la mtafiti aliyeeleza kirusi hiki, kwenye freeza la maabara kina angalau virusi viwili. Kimoja ni kamili, F-MuLV (kirusi cha lukemia ya panya cha Friend). Cha pili, SFFV (kirusi cha kuvimbisha wengu), kimepoteza jeni muhimu na hakiwezi kujizalisha peke yake, lakini ndicho kinachofanya wengu wa panya aliyekomaa kuvimba haraka. Ukianza majaribio bila kujua nani yumo, utampa mmoja sifa ya kazi ya mwenzake. Huu ndio utaratibu ninaoufuata.

Hatua ya 1: Uliza ukoo. Mtafiti Ludwik Gross alitoa kirusi chake kwa panya wa AKR, ukoo wa maabara unaopata lukemia wenyewe, mwaka 1951. Friend alieleza chake 1957, Moloney 1960, Rauscher 1962. Hivi vitatu vya mwisho vinafanana kwa antijeni (alama zinazotambuliwa na kinga ya mwili), cha Gross kiko kando. La muhimu zaidi: je, sampuli imepitishwa ndani ya panya hai au kwenye seli tu? Panya ana mabaki ya virusi ndani ya DNA yake, na mabaki hayo huingia mchezoni.

Hatua ya 2: Angalia kinaingia wapi. Ambukiza seli za NIH 3T3, ambazo ni seli za panya za maabara, na seli za minki (mnyama mdogo wa manyoya) sambamba. Kikikua kwenye seli za panya tu, ni ekotropiki. Minki tu, zenotropiki. Zote mbili, ni politropiki au amfotropiki, aina mbili zinazotumia vipokezi (milango ya kuingilia seli) tofauti.

Hatua ya 3: Hesabu kwa XC. Ua kwa mwanga wa UV seli za panya zilizoambukizwa, kisha mwaga seli za XC (seli za saratani ya panya buku) juu yake. Siku chache baadaye, chini ya hadubini utaona seli zilizoungana kuwa jitu moja lenye viini vingi, na pembeni yake upenyo mtupu. Kipimo hiki huona ekotropiki peke yake. Sahani safi haimaanishi sampuli haina virusi.

Hatua ya 4: Jaribu kuzuiana, yaani kirusi kimoja kumfungia mwenzake mlango. Hapa ndipo undugu unapoonekana, kwa hiyo usiharakishe. Seli iliyokwisha kuambukizwa hutengeneza protini za ganda la kirusi, nazo hushika vipokezi vyake vyote. Mgeni anayetumia mlango uleule hukwama nje.

Andaa sahani tatu za 3T3: zisizo na maambukizi, zenye ekotropiki safi, na zenye sampuli yako. Subiri maambukizi yaenee kila mahali. Seli chache zilizobaki salama zitaharibu hesabu. Kisha weka kirusi cha kupimia chenye ganda la ekotropiki na jeni ya kustahimili G418 (dawa inayoua seli), ongeza dawa hiyo, hesabu makoloni, yaani vikundi vya seli vilivyosalimika. Yakipungua mara 100 au zaidi kulinganisha na sahani ya kwanza, mlango umefungwa. Rudia kwa ganda la politropiki na la amfotropiki. Sampuli ikifunga milango miwili kwa mpigo, shuku mchanganyiko.

Baadhi ya panya wa mwituni wa Lake Casitas, California, wana kinga ya namna hii tangu kuzaliwa: jeni yao ya Fv-4, ambayo ni mabaki ya kirusi, hutoa protini ya ganda inayozuia ekotropiki.

Hatua ya 5: Tenga SFFV. Zimua sampuli hadi seli nyingi zipate kirusi kimoja tu. Seli yenye SFFV pekee haitoi virusi. Ukiiongezea F-MuLV, SFFV hutoka akiwa amevaa ganda la msaidizi wake. Protini yake ya gp55 hushika kipokezi cha erithropoietini (homoni ya kutengeneza damu nyekundu), na chembe changa za damu nyekundu huanza kugawanyika ovyo.

Hatua ya 6: Tafuta mzaliwa mpya. Kwa AKR, ekotropiki huchukua vipande vya mabaki ya zenotropiki na politropiki, na virusi vya MCF, yaani mchanganyiko mpya wa aina ya politropiki, hutokea kwenye thaimasi (tezi ya kinga iliyo kifuani) kabla ya uvimbe. Soma mfuatano wa jeni ya env, inayotengeneza ganda, kila baada ya kupitisha sampuli kwenye panya. XMRV, kilichodhaniwa mwaka 2006 kuwa kirusi cha binadamu, kilizaliwa hivyohivyo: mabaki mawili yaliungana wakati uvimbe wa tezi dume ukikuzwa ndani ya panya.

Hatua ya 7: Pima LDV, kirusi kingine cha panya kinachopandisha kimeng'enya cha laktati dehidrojenasi kwenye damu. Si wa familia hii, ila amejificha kwenye sampuli nyingi za Friend na huchelewesha kinga ya panya. Hukua kwenye makrofaji (seli za kinga zinazomeza wadudu) za panya tu. Pitisha sampuli kwenye seli za kukuzwa zisizo makrofaji ili LDV apotee, kisha pima tena kwa PCR, kipimo kinachonakili vipande vya jeni.