Choo na usingizi wa mchana: mwongozo kwa walezi wa watoto wa miaka miwili hadi minne

Mwongozo huu ni wa mlezi anayeshika chumba cha watoto wadogo katika kituo cha kulelea watoto mchana, hasa vituo vya mijini kama Dar es Salaam, ambako watoto hula saa sita na kulazwa kuanzia saa saba. Mtoto wa umri huo anaweza kuwa anaomba choo vizuri akiwa macho, huku mwili wake ukiwa bado haujaweza kumwamsha kibofu kinapojaa. Uwezo huo huja baadaye, na kwa kawaida madaktari hawahesabu kukojoa usingizini kuwa ugonjwa kabla ya mtoto kutimiza miaka mitano. Sehemu kubwa ya kazi, kwa hiyo, hufanyika kabla mtoto hajafumba macho.

Hatua ya kwanza: mapokezi ya asubuhi. Muulize mzazi kama mtoto amepata haja kubwa, kama nyumbani analala na pempasi, na neno gani analitumia kuomba choo. Nyumba moja husema "kojo", nyingine "susu", na mtoto asiyeeleweka akisema neno lake hunyamaza mpaka alowe. Hakikisha mkobani mna nguo mbili za kubadilisha, zenye mpira kiunoni. Suruali ya vifungo na mkanda humchelewesha mtoto mlangoni mwa choo, na mimi huwaomba wazazi waiache kwa siku ya sherehe.

Hatua ya pili: baada ya chakula. Hapa ndipo walezi wengi huharakisha. Chakula kikiingia tumboni utumbo huamka, na si ajabu mtoto akataka haja kubwa ndani ya nusu saa. Ndiyo maana safari moja ya choo haitoshi. Wapeleke mara baada ya kula, kisha tena dakika chache kabla ya kulala, watatu au wanne kwa zamu, kwa sababu katika foleni ndefu wa mwisho hulowa akisubiri. Tundu la choo cha kuchuchumaa huwatisha wengi, basi weka poti mahali tambarare ili nyayo za mtoto zikanyage chini, wala usimkalishe zaidi ya dakika tano kwa kumlazimisha. Wasichana hufutwa kutoka mbele kwenda nyuma. Mlezi anayewahudumia aonekane na mlezi mwenzake muda wote, na ndoo ya maji isiachwe wazi chini, kwani mtoto mdogo anaweza kuzama hata katika maji machache. Wakitoka, wanawe kwa sabuni na maji yanayotiririka. Kibuyu chirizi, yaani chombo kinachoning'inizwa na kuinamishwa ili maji yachirizike, kinatosha kabisa mahali pasipo na bomba.

Wapo wazazi wanaoomba mtoto anyimwe maji mchana ili asikojoe. Usikubali. Kwa joto la pwani mtoto anahitaji maji, na asiyekunywa vya kutosha hupata choo kigumu, ambacho hukibana kibofu na kuongeza kulowa kulekule kunakokimbiwa.

Hatua ya tatu: kulaza. Godoro liwe limefunikwa kwa plastiki ngumu, na juu yake itandikwe kanga ya mtoto mwenyewe ili asitoke jasho. Pempasi ivaliwe kwa makubaliano na mzazi, isitumike kamwe kama adhabu ya kulowa jana. Sishauri kumwamsha mtoto katikati ya usingizi na kumkalisha chooni akisinzia. Hukojoa bila kujua, na hakuna alichojifunza.

Hatua ya nne: akilowa. Mwinamie, umwambie kwa sauti ya chini, "Nguo zimelowa, twende tubadilishe," kisha umtoe chumbani kabla wenzake hawajaamka. Jina la kikojozi lisisikike kituoni, hata kwa utani wa walezi. Msafishe kwa maji na sabuni, umkaushe mikunjo ya mapaja, na nguo zilizolowa uzifunge katika mfuko wake. Godoro lenye mkojo huoshwa kwa sabuni na maji, likaanikwa. Lenye kinyesi huondolewa uchafu kwanza kwa glavu, likaoshwa, kisha likapakwa dawa ya klorini: JIK ya asilimia 3.5, kipimo kimoja kwa vipimo sita vya maji, iachwe dakika kumi kabla ya kusuuzwa, watoto wakiwa mbali. Usimwage JIK moja kwa moja juu ya mkojo wala usiichanganye na dawa nyingine ya kusafishia, kwa kuwa mvuke wake hudhuru mapafu.

Hatua ya tano: kuamka. Anayeamka mkavu apelekwe chooni papo hapo, kabla ya uji. Andika katika daftari saa aliyolala, saa aliyokutwa amelowa na hali ya choo chake. Anayelowa mapema huenda hakumaliza mkojo kabla ya kulala. Anayelowa mwishoni huenda akafaa kuamshwa mapema kidogo. Akiamka mkavu kwa wiki mbili mfululizo, zungumza na mzazi kuhusu kuiacha pempasi.

Mzazi aelezwe pembeni, si getini mbele ya wenzake. Umshauri ampeleke mtoto kituo cha afya akilia anapokojoa, akiwa na homa au damu kwenye mkojo, akipatwa na kiu isiyo ya kawaida huku akikonda, au akianza kulowa tena baada ya miezi mingi ya ukavu. Mabadiliko hayo ya ghafla yakiambatana na hofu ya kuguswa au kuvuliwa nguo, usimhoji mtoto mara kwa mara. Andika maneno yake kama alivyoyasema, mjulishe mkuu wa kituo na afisa ustawi wa jamii siku hiyohiyo, au piga namba 116 ya msaada kwa watoto.