Kliniki ya miguu haipati wagonjwa? Anzia mapokezi, sio Instagram

Jamani wenye kliniki za miguu, hasa hapa Dar, kabla hujamlipa mtu akutengenezee matangazo mapya kagua kwanza haya uliyonayo, na ukaguzi wenyewe hauanzii kwenye simu, unaanzia kwenye daftari la mapokezi.

Chukua wagonjwa wa miezi mitatu iliyopita, kila mmoja andika nani kamleta, alikuja na shida gani na kama alirudi. Kama mapokezi walikuwa hawaulizi "umetujuaje?" waanze leo, na wasiandike "mtandaoni" tu, waandike ni Google, Insta, grupu la WhatsApp au jirani yake. Halafu piga hesabu. Tuseme ulitoa laki 3 kubusti posti wakaja watu 6, hapo kila mgonjwa amekugharimu elfu 50. Linganisha na wale walioletwa na daktari wa kliniki ya kisukari mtaa wa pili, ambao hukutoa hata mia. Huyo daktari mara ya mwisho kumpigia simu ukamshukuru ni lini?

Sasa lugha, na hapa ndo wengi tunapotea. Siku moja nilikaa kwenye benchi la kliniki moja, bango la nje Kiingereza kitupu, akaingia mama mmoja akavua kandambili akasema "mwanangu nyayo zinawaka moto, usiku silali". Nikapitia ukurasa wao wote, hakuna mahali pameandikwa nyayo kuwaka moto, wala ganzi, wala sugu, wala magaga, wala kucha kuingia kwenye nyama. Picha ni kucha zimepakwa rangi tu, yani ukiangalia haraka unajua ni saluni! Na mgonjwa wa kisukari aliyekufa ganzi anaweza kukanyaga msumari asisikie kitu mpaka kidonda kimeoza, huyu ndo anakuhitaji kuliko wote na hata hajui upo. Kwahiyo yale maneno ya wagonjwa kwenye daftari yahamishie kwenye bango na posti kama yalivyo. Rekodi video fupi, daktari anagusa nyayo kwa ule uzi wa nailoni wa kupimia ganzi (unaitwa wa gramu 10 kwa nguvu unayobonyeza, sio uzito wake) anauliza "unasikia hapa?", watu watawatumia mama zao.

Picha za vidonda usiweke bila mgonjwa kukubali kwa maandishi, sheria ya kulinda taarifa binafsi ipo tangu 2022, na zaidi ya sheria ule ni mguu wa mtu. Na kama kuna tangazo linaahidi "tunatibu kisukari kikaisha" lifute leoleo.

Google ni fasta tu, mpe bodaboda jina la kliniki uone kama ramani inamfikisha mlangoni, na piga namba yenu mwenyewe saa saba mchana usikie inapokelewaje.

Kipengele kinachosahaulika ni kurudi. Mwenye kisukari anatakiwa apimwe miguu walau mara moja kwa mwaka, mwenye ganzi mara nyingi zaidi, sasa hesabu wangapi wa mwaka jana hawajaonekana. Hao ndo wa kuwatumia meseji kwanza, kwa jina lao, kabla ya 14 Novemba siku ya kisukari duniani, waambie waje na viatu wanavyovaa kila siku navyo vikaguliwe, na tarehe ya kurudi wapewe kabla hawajavaa hivyo viatu kuondoka.