Kabla ya kwenda shamba, beba dawa za kutosha

Wenzangu wenye mtoto mtu mzima anayeumwa ugonjwa wa akili, msimu wa korosho ndio huu. Kabla hamjahamia shamba kuokota, piteni kliniki, mwambieni daktari mtakaa huko muda gani, awape dawa za kutosha. Mwaka juzi kijana wangu alionekana mzima kabisa, tukaona vidonge vitasubiri turudi Mtwara mjini. Wiki ya pili akaacha kulala. Usiku kucha anazunguka chini ya mikorosho, anahesabu miti. Kwake usingizi ndio hutangulia kuharibika, kwa hiyo sasa nauandika kwenye daftari kila asubuhi. Na dawa namuuliza faragha, kwa upole: “Baba, umeshameza?” Ana miaka 27, jamani, msimuulize mbele ya vibarua.